Kufuta ujumbe kwa wote kwenye WhatsApp: nyota tatu kati ya tano

Huduma hii ilipoanza mwaka 2017 ulikuwa unapewa dakika saba tu za kujuta. Tangu 2022 unapewa zaidi ya siku mbili. Mimi nilitumia kama sekunde arobaini, na bado nilichelewa.

Mimi ni mhasibu. Ofisini tuna makundi mawili: la kazi, watu 34 na bosi humo humo, na letu la umbea, watu sita. Dada mmoja wa stoo alikuwa ameomba advansi ya mshahara, mara ya tatu tangu Januari. Fomu zote zinapita mezani kwangu. Nikaandika, "Mwenzetu katembeza bakuli tena," na vicheko vitatu. Ukaenda kundi la kazi.

Kufuta kwenyewe ni rahisi: unaushikilia ujumbe, unachagua ufutwe kwa wote, basi. Hapo sina neno. Ila panabaki alama kwamba fulani kafuta kitu, na kwetu hakuna kinachoamsha watu kama hiyo. "Mhasibu, umefuta nini?" Hata mlinzi aliyekuwa nyumbani, zamu yake ya usiku, aliuliza. Chai haijaiva, skrinshoti imeshafika stoo.

Tukaona dawa ni ujumbe wa kujifuta, kule kwetu sita, tukaweka saa 24. Hiyo siipendekezi kabisa. Midomo ilizidi kulegea, kana kwamba likifutika halikusemwa. Umbea wa kwa mama ntilie ulikuwa unachakaa njiani, huyu kaongeza chumvi, yule kapunguza, mpaka ukimfikia mhusika unaweza kuukana. Wa simu unafika mzima, na jina langu juu, saa 3:47 asubuhi. Na tuseme ningelenga kundi sahihi: watu sita nao walihitaji nini na fomu ya mtu?

Nyota tatu ni kwa sababu kitufe kinafanya kilichoahidi. Kinamfaa aliyeandika. Aliyeandikwa hakimjui.

Nilimfuata stoo kumwomba radhi. "Yameisha, dada," akasema, macho kwenye leja. Zamani aliniita shoga.

Wiki iliyopita shule zilifunguliwa, na ana watoto wawili sekondari. Fomu yake sijaiona.