Alacritty kwenye laptopu ya mtumba: kwa nini inagoma kuwaka, na lini uachane nayo

Ukibofya ikoni ya Alacritty, ambayo ni terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwenye Dell Latitude E6400 au ThinkPad T400 yenye Linux ya miaka michache nyuma, mara nyingi kinachotokea ni hiki: kiduara kinazunguka sekunde mbili tatu, kinapotea, basi. Hakuna dirisha, hakuna ujumbe. Mwenye mashine anaifuta programu, anaipakua upya kwa bando lile lile la siku, inagoma tena. Laptopu za umri huo ndizo anazozimudu mwanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, pale Iyunga au wa chuo cha Mkwawa kule Iringa, kwa hiyo swali la kama programu hii inamfaa si dogo.

Alacritty ilitangazwa mwaka 2017 na Joe Wilm. Imeandikwa kwa lugha ya Rust, na kila anayeisifia anasema ina kasi na ni nyepesi. Kasi ipo, haina ubishi. Wepesi ndio una masharti: herufi zote unazoziona zinachorwa na chipu ya michoro kupitia OpenGL, lugha ambayo programu hutumia kuiamuru chipu hiyo ichore. Prosesa imepumzika kwa sababu mzigo katwishwa mwingine, na huyo mwingine kwenye mashine ya mwaka 2008 ni mzee.

Kwanza ipe sauti. Programu ikifa baada ya kubofywa, maneno yake ya mwisho yanaishia mahali usipopaona. Bonyeza Alt+F2, kisha andika:

xterm -hold -e alacritty -v

Dirisha la xterm, terminali ya kizamani isiyodai makuu, litabaki wazi na kosa litasomeka. Kama xterm haipo, Ctrl+Alt+F3 inakupeleka kwenye skrini nyeusi ya maandishi matupu. Ingia kwa jina na nenosiri lako, andika sudo apt install xterm, halafu rudi kwa Ctrl+Alt+F1, F2 au F7 kutegemea na mfumo wako. Usijaribu kuwasha Alacritty ukiwa huko huko kwenye skrini nyeusi. Itakwambia haioni kioo cha kuchorea, nawe utaanza kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Sasa uliza chipu. Sakinisha mesa-utils, kisha andika glxinfo -B. Kwenye E6400 yenye michoro ya Intel na Debian 12 utaona jina la chipu, GM45, na chini yake mstari unaosema "OpenGL version string: 2.1 Mesa 22.3.6". Hiyo 2.1 ndiyo habari yenyewe. Michoro ya Intel ya kizazi hicho, GMA 4500MHD, haivuki hapo hata uibembeleze vipi. HP EliteBook 8440p na ThinkPad T410 za mwaka 2010, zile zenye prosesa za Core i za mwanzo na michoro ya Intel, nazo zinaishia 2.1, jambo linalowashangaza wengi kwa sababu stika ya "i5" ipo pale mbele. Kizazi kilichofuata, cha mwaka 2011 chenye HD 3000, yaani Latitude E6420, T420 na EliteBook 8460p, kinapata 3.3 kwenye Linux. Tofauti ya mwaka mmoja tu, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Kwa nini inaamua? Alacritty za kabla ya toleo 0.11 zilidai OpenGL 3.3, bila mjadala. Kuanzia 0.11 zinakubali pia OpenGL ES 2.0, toleo jepesi la OpenGL ambalo GM45 inaliweza. Maana yake, kwenye mashine ya 2008 dawa ya kwanza ni kujua namba ya toleo: andika alacritty --version. Ikiwa ni 0.10 kurudi nyuma, acha kuhangaika na mipangilio, tafuta toleo jipya. Debian 12 tayari inakupa 0.11. Ikiwa unayo 0.13 au zaidi na bado inasuasua, fungua faili la ~/.config/alacritty/alacritty.toml uilazimishe kutumia njia ya kizee:

[debug]
renderer = "gles2"

Angalia mwisho wa jina la faili. Tangu 0.13 mipangilio inaandikwa kwa TOML, ile ya zamani ya .yml imepitwa na wakati, na faili la .toml likiwepo haisomwi. Anayenakili mipangilio ya mwenzake ya miaka iliyopita anaona hakuna kinachobadilika, anadhani programu imeharibika. Amri ya alacritty migrate inageuza faili la zamani kuwa jipya.

Kitty, terminali nyingine ambayo watu huikimbilia Alacritty ikigoma, kwa mashine hizi ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Inadai OpenGL 3.1 au zaidi na haina mlango wa nyuma. Kosa lake linatambulika kwa haraka: "glfw error 65543", likifuatiwa na GLXBadFBConfig.

Kuna ujanja wa kuifanya prosesa ichore badala ya chipu:

LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1 alacritty

Ikiwaka hivyo, umethibitisha kwamba tatizo ni michoro. Kama kipimo, ni amri nzuri mno. Kama maisha ya kila siku, hapana: Core 2 Duo inaanza kuhema kwa kazi ya kuonyesha maandishi tu, feni inapiga kelele na betri inakwisha upesi. Umechukua programu inayosifiwa kwa kasi ukaifanya ya polepole kuliko zote. Ushauri mwingine unaozunguka, wa kuweka MESA_GL_VERSION_OVERRIDE=3.3, ni kuidanganya programu kuhusu umri wa chipu. Wakati mwingine uongo unapita. Mara nyingi dirisha linafunguka jeusi tii, au linakufa pale linapoanza kuchora.

Makosa mawili mengine hayahusiani na michoro kabisa, ila dalili ni ile ile. La kwanza ni "Illegal instruction". Hili linawapata walioletewa programu kwenye flashi na rafiki aliyeikompaili kwenye laptopu yake mpya kwa kuiambia itumie nguvu zote za prosesa aliyonayo. Core 2 Duo haina SSE4.2, kundi la maagizo ya prosesa za baadaye, kwa hiyo ikikutana na agizo la aina hiyo inakata. Kagua kwa grep -m1 -o sse4_2 /proc/cpuinfo. Isipojibu kitu, huna. Chukua programu kutoka hazina ya mfumo wako mwenyewe. La pili linataja GLIBC, maktaba ya msingi ambayo karibu programu zote za Linux huitegemea, na namba, mfano "GLIBC_2.34 not found". Hapo programu imejengwa kwa mfumo mpya kuliko wako: Debian 11 na Ubuntu 20.04 zina glibc 2.31. Usithubutu kupandisha glibc peke yake kwa mkono. Mashine nzima inaweza isiwake kesho.

Na apt, amri ya kusakinisha programu, ikikataa kupakua ikisema faili la Release "is not valid yet", tazama saa ya kompyuta kabla ya kulaumu mtandao. Betri ndogo ya saa kwenye bodi ya laptopu ya miaka 15 imeshakufa, na kila umeme ukikatika huku betri kubwa nayo imechoka, tarehe inarudi nyuma miaka. Weka tarehe sahihi kwa sudo date -s, endelea na kazi, na siku ukiifungua mashine ubadilishe betri. Kwenye nyingi za hizi ni CR2032 yenye waya na plagi, si ile ya kuchomeka tu.

Vipi kama hata terminali ya kawaida ya GNOME haifunguki? Hapo chanzo kikubwa ni mipangilio ya lugha. GNOME Terminal haikubali mfumo usiotumia UTF-8. Mtu anachagua Kiswahili cha Tanzania, sw_TZ, jambo jema kabisa, lakini lugha yenyewe haijatengenezwa ndani ya mfumo. Amri ya locale italalamika kwamba haiwezi kuweka LC_CTYPE, na terminali itakaa kimya. Kutoka kwenye xterm au Ctrl+Alt+F3, fungua /etc/locale.gen kwa sudo nano, ondoa alama ya # mbele ya mstari wa "sw_TZ UTF-8", hifadhi, kisha sudo locale-gen. Mwenye haraka aandike sudo update-locale LANG=C.UTF-8, atoke na kuingia tena. Hiyo haihitaji kutengenezwa.

Dirisha likifunguka na kujifunga papo hapo, usiguse michoro. Ni faili la .bashrc lenye "exit" mahali pabaya, au sheli (programu inayopokea amri zako) iliyobadilishwa kwa chsh kisha ikafutwa. Alt+F2, xterm -e bash --norc, na unaingia kulisahihisha.

Tukirudi kwenye Alacritty yenyewe: kwenye T420 kwenda mbele inastahili. Unaposoma faili refu la kumbukumbu maandishi yanateremka bila kukwamakwama, na inakumbuka mistari 10,000 bila kuambiwa. Haina vichupo wala upau wa kusogezea, kwa makusudi. Atakayevitaka atumie tmux, programu inayogawa terminali moja kuwa kadhaa. Kero yake ndogo ni ukiingia seva ya mbali kwa ssh: seva za zamani haziijui, nano inakataa kufunguka. Tanguliza TERM=xterm-256color kabla ya ssh.

Kwenye mashine za 2.1, tuseme ukweli, xterm inatosha. Ipo tangu 1984, haijui OpenGL ni nini, na kuipakua hakufiki megabaiti moja. Ubaya wake ni sura: herufi za mchwa kwenye mandhari nyeupe. Sura inarekebishika kwa mistari minne kwenye ~/.Xresources:

XTerm*faceName: DejaVu Sans Mono
XTerm*faceSize: 11
XTerm*saveLines: 5000
XTerm*selectToClipboard: true

Kisha xrdb -merge ~/.Xresources, na kila xterm utakayofungua itasomeka. Anayetaka vichupo na menyu achukue LXTerminal au ya Xfce.

Kama laptopu bado hujainunua, usitazame jina la modeli pekee. E6400 iliuzwa na michoro ya Intel na pia na NVIDIA Quadro NVS 160M, na hiyo ya NVIDIA inafika 3.3 kwa draiva ya nouveau. Kwa nje ni mapacha. Ukienda dukani, Kabwe jijini Mbeya au Miyomboni mjini Iringa, beba flashi yenye Linux, omba uiwashe mashine nayo, uandike lspci | grep -i vga. Ikisomeka "Mobile 4 Series Chipset" au "Core Processor Integrated Graphics Controller", hiyo ni 2.1. Ikisomeka "2nd Generation Core Processor Family", ni 3.3, na hapo bei ndiyo inabaki ya kuzungumzwa.