Matone ya ketotifeni, baada ya kuhangaika na macho Owino

Nauza mitumba katika soko la Owino, Kampala, mwaka wa tisa sasa. Tukikata belo la makoti, vumbi lake hunifika machoni kabla sijalisikia puani. Muwasho huanzia pembe ya karibu na pua, nafikicha, jicho linazidi kuiva, hadi jioni wateja wananiuliza nimefiwa na nani.

Nilianza na vile vichupa vya kuondoa wekundu. Ukitia, dakika chache tu jicho jeupe pe. Lakini kazi ya dawa ile ni kubana mishipa ya damu, na ukiizoea siku nyingi, nguvu zikiisha wekundu hurudi kuliko mwanzo. Nilifika kutia mara tano kwa siku.

Kisha duka moja la dawa likanipa matone mengine bila kuniuliza swali hata moja. Yalinipoza mno, nikayatumia wiki tatu. Siku moja binti yangu akasoma boksi: deksamethasoni, yaani steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Dawa hiyo ina mahali pake, lakini ni ya kutumia daktari akikuangalia, maana inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho nawe usihisi kitu. Nilikasirika, na hadi leo sijalisahau.

Aliyenitoa huko ni dada mfamasia wa Wandegeya. Hakugusa kabati kwanza. "Mama, yanawasha au yanauma? Asubuhi yanagandana?" Nikamwambia yanawasha yote mawili, yanatoa maji tu, tongotongo hakuna. Akasema huo ni mzio, na kloramfenikoli niliyotaka kununua ni ya bakteria, haitanifaa. Akanipa ketotifeni ya asilimia 0.025, tone moja kila jicho asubuhi na jioni. Nililipa shilingi 18,000.

Inachoma kidogo ikiingia, halafu kama robo saa hivi muwasho unalegea. Wekundu wangu uliisha baada ya siku kadhaa, kwa sababu mikono iliacha kufikicha. Alinionyesha pia kutia: vuta kope ya chini iwe kama kifuko, dondoshea humo, ncha ya chupa isiguse popote, fumba, bana pembe ya ndani kwa kidole dakika moja. Miaka yote nilikuwa nadondoshea katikati ya mboni na nusu ya dawa inaishia shavuni!

Kinachoniuma ni kwamba chupa ikishafunguliwa hutumii zaidi ya wiki nne, hata ikibaki nusu, kwa hiyo naandika tarehe kwa kalamu pale pale dukani. Anayevaa lenzi azitoe kwanza. Na jicho likiuma, likiogopa mwanga au likiona ukungu, usisimame famasi, nenda kliniki ya macho. Mtoto ambaye macho yanamwasha mwaka mzima, vivyo hivyo.

Niko chupa ya tatu. Kesho tunakata belo la mablanketi, na miwani ya vumbi nimeshaiweka kwenye mkoba.