Eti hii si ya mjane

Nimekaa na hili jambo wiki kadhaa nikisema ntasahau lakini wapi, kila nikifungua kabati nikaiona ile chupa hasira zinapanda upya, basi wacha niandike nipumue. Ni yale manukato ya Opium ya Yves Saint Laurent. Ukubwa wa chupa na bei mtatafuta wenyewe, mi nataka kusema nilivyofanyiwa siku niliyoinunua.

Nilikuwa nimetoka eda juzi juzi tu. Anayejua anajua, miezi minne na siku kumi hujipaki chochote kinachonukia, si udi, si asumini, hata sabuni nilikuwa nachagua ile isokuwa na harufu. Na mi nimezaliwa Lamu, Langoni, kwenye nyumba ambayo chetezo hakipoi, kukicha nguo zinafukizwa, kukichwa mito inafukizwa. Siku ya kutoka wifi zangu wakanifukiza mpaka nywele, nikalia, lakini moyoni kulikuwa na harufu moja ninayoitaka mimi, ile marehemu alokuwa akiniletea kila akirudi likizo kutoka Muscat. Alikuwa akisema hii imenifanana, kwa sababu haina haraka, unaikuta mlangoni na kesho yake bado iko kwenye baibui.

Basi kukatokea harusi Malindi, ya mtoto wa ndugu yangu. Nikavuka Mokowe, nikapanda basi, nikafika nimechoka lakini nina furaha maana nilishaambiwa kuna duka mjini wanaiuza. Jina la duka silitaji. Nikaingia, nikaiona pale nyuma ya kioo, wallahi nilishika kaunta. Na kwa ile furaha mdomo ukaniponyoka, nikamwambia yule dada muuzaji, mwanangu nipe ile, nimetoka eda, hiyo ndo ya kwanza naitaka.

Akaniangalia kutoka mtandio mpaka ndara. Akasema, "Aa, bi mkubwa, hii si ya kwako. Hii ni ya mwanamke mkali, anayetaka akipita watu wageuke. Mjane anataka kitu kitulivu, cha maua." Akanitolea kichupa cha asumini. Na kulikuwa na wateja wengine wawili pale, wasichana, mmoja akacheka kidogo akajiziba mdomo.

Sikujibu. Hilo ndo linaloniuma mpaka leo, sikujibu. Nikalipa ile niliyoitaka, mikono inatetemeka, nikatoka hata chenji nikaisahau nikaitwa kwa nyuma kama mtoto.

Sasa wacha nijibu hapa. Kwanza hiyo asumini uliyonipa ndo kitulivu? Asumini?! Kwetu asumini anamwagiwa bibi harusi kitandani! Kikuba kinatungwa kwa asumini na rehani mwanamke akivae usiku kwa mumewe, hilo kila mtoto wa Pwani analijua. Ua la chumbani unampa mjane ukimwambia ndo heshima, na karafuu na mdalasini zilizomo kwenye hii Opium unaniambia ni za mwanamke mkali. Karafuu! Karafuu iko kwenye chai. Karafuu inasagwa na liwa apakwe mwari. Bibi yangu, Mungu amrehemu, mwanamke ambaye sikumsikia hata siku moja akipaza sauti, aliyekuwa akimwita hata paka kwa upole, "ndoo, mwanangu, ndoo", yaani njoo, sanduku lake la nguo lilikuwa linanukia karafuu, manemane na sandali mpaka ukifunika bado unaisikia. Huyo ndo mtu ninayemwona nikifungua hii chupa. Mtu wa ndani, aliyetulia, ambaye ukiwa na shida unakwenda kukaa karibu yake bila kusema kitu. Ukali uko wapi hapo?

Lakini pia nisimwonee yule dada. Nilipomsimulia mpwa wangu akaniingizia kwenye simu, akanionyesha historia yake. Kumbe hii kitu tangu itoke Ufaransa mwaka 1977 ina maneno. Jina lenyewe ni kasumba, yaani afyuni, ile dawa ya kulevya, na Wachina wa Marekani waliandamana kulipinga, maana kasumba ilivyowamaliza wazee wao si jambo la kuandika kwenye chupa ya manukato, na hapo mimi nasimama na wao kabisa. Halafu mwaka 2000 bango lake liliondolewa barabarani kule Uingereza kwa sababu ya mwanamke aliyelala uchi, watu walilalamika mamia. Nikanyamaza kabisa. Yaani miaka yote hii marehemu ananiletea kitu kinachotangazwa hivyo? Usiku ule nikaiweka ndani ya droo, nikasema kumbe msichana wa watu alikuwa sawa, ndivyo alivyofundishwa, na mi ndo nilokuwa sijui.

Asubuhi nikaamka nimekasirika tena, safari hii zaidi. Picha si harufu. Waliopiga picha walipiga picha yao, karafuu haikuvua nguo.

Siku ya harusi nikajipulizia. Sasa hapa niseme ukweli kwa anayetaka kununua, hii usiipulize mchana wa Malindi, usifanye. Mi nilijipulizia mara nne, kwa kiburi, ili nimkomoe mtu ambaye hata hayupo, na ukumbi wa wanawake mlango umefungwa, joto, feni moja inazunguka kwa shida. Ilinipanda mpaka kichwani. Mama mmoja akahama kiti. Nikaona haya, nikasema basi yule dada alisema kweli, watu wanageuka. Moja inatosha, nyuma ya shingo, jioni, na ukiwa nyumbani au na wanawake wenzio ndo raha yake.

Halafu wifi yangu mkubwa, dada wa marehemu, akaja kunisalimu. Akanikumbatia. Akakaa pale begani hatoki, nikahisi anavuta pumzi, tena, tena. Akasema taratibu, "Alikuwa akikuletea hii." Tukashikana tukalia katikati ya vigelegele na watu wakadhani tunalia kwa ajili ya bibi harusi.

Kwa hiyo pafyumu nyota tano, nilitaka kuipa nne kwa lile jina lakini tano. Duka sifuri. Nilisema sirudi pale maisha yangu yote na niliapa, lakini kusema kweli kwingine sijaiona na chupa imeshafika nusu kwa sababu wifi naye sasa anakuja kujipulizia kila Alhamisi jioni. Ikiisha nitarudi pale pale. Nitakwenda na wifi, na nitaomba anihudumie yule yule dada, na akiniuliza safari hii ntamjibu.