Chanjo Zilizotufuata Bwenini: Tathmini ya Huduma ya Siku Tatu

Mwezi uliopita kikosi cha wahudumu wa afya kilipiga kambi kwa siku tatu katika ukumbi wa chini wa bweni letu, kikitoa chanjo ya homa ya mafua na ya UVIKO-19, na kuzikagua kadi za wanafunzi ambao hawakuwa na uhakika kama walikamilisha chanjo za surua, kifaduro na homa ya uti wa mgongo. Nilichanjwa asubuhi ya siku ya kwanza, kisha nikarudi siku mbili zilizofuata nikiwasindikiza wenzangu watano, kwa hiyo niliiona huduma hiyo ilipokuwa imetulia na nikaiona pia ilipoelemewa na watu. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoizuia nitaieleza sababu yake, kwa kuwa ni jambo linaloweza kurekebishwa kabla ya muhula ujao.

Mwaka jana sikuchanjwa. Sikuwa na hoja yoyote dhidi ya chanjo. Kliniki ilikuwa mbali, vipindi vilikuwa vingi, na kila wiki nilijiambia kwamba nitakwenda wiki ijayo. Zilipobaki siku chache tufanye mitihani, mmoja wetu chumbani alianza kukohoa, na kabla ya siku nne kwisha sote wanne tulikuwa tumelala. Anayedhani kwamba homa ya mafua ni makamasi na kupiga chafya tu hajawahi kuipata: viungo vyote viliniuma, shuka ililowa jasho usiku kucha, na kusoma ukurasa mmoja kulinishinda. Mwenzetu mwenye pumu ndiye aliyeumia zaidi. Nilimshika mkono tukishuka ngazi kumpeleka hospitali, naye alikuwa akisimama kila baada ya vidato vitatu ili apate pumzi, akaishia kulazwa siku tano na kukosa mitihani miwili. Tangu siku hiyo sikuweza tena kuichukulia chanjo kuwa jambo la kuahirisha.

Ikumbukwe pia namna tunavyoishi. Tunalala wanne katika chumba chenye dirisha moja, tunaazimana vikombe na taulo, na mtu aliyeambukizwa homa ya mafua huweza kuwaambukiza wengine siku moja hivi kabla yeye mwenyewe hajaona dalili yoyote, kwa hiyo kumkwepa anayekohoa hakutoshi. Surua ni kali zaidi katika kuenea, maana virusi vyake huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani.

Kilichonipa imani mapema ni sanduku la baridi. Kabla ya kuanza kazi, muuguzi msimamizi alilifungua mbele yetu, akasoma kipimajoto kilichokuwa ndani na kuandika namba kwenye daftari, kwa kuwa chanjo walizokuwa nazo zilitakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi, na chanjo ya homa ya mafua ikishaganda haifai tena kutumiwa. Zamu yangu ilipofika aliniuliza kama nina mzio, kama nimewahi kupata shida baada ya kuchanjwa, na kama nilikuwa na homa siku hiyo. Akanionyesha tarehe ya mwisho ya matumizi, akaniambia nilegeze bega. Sindano yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko ule wa kukunja mkono wa shati.

Sifa ya juu kabisa naitoa kwa meza ya maswali, ambayo iliwekwa mbali kidogo na foleni ili mtu aweze kuuliza bila kuonekana kwamba amekwisha kukubali kuchanjwa. Aliyekaa pale alikuwa muuguzi wa makamo, mwenye subira ambayo sijaiona kwa watu wengi. Mwanafunzi mmoja alimwambia waziwazi, “Mama, mimi nilichanjwa mwaka juzi na bado nikaugua mafua, sasa faida yake ni nini?” Hakumkemea. Alimjibu, “Ni kweli, mwanangu, inatokea,” kisha akamweleza kwamba katika miaka ambayo chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua kiasi cha kumhitaji daktari kwa takriban asilimia 40 hadi 60, na kwamba anayeugua licha ya kuchanjwa mara nyingi huepuka kufikia hali ya kulazwa. Aliongeza kuwa virusi vya homa ya mafua hubadilika kila mara, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hukutanisha wataalamu mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, ili kupendekeza aina zitakazowekwa katika chanjo ya msimu unaofuata. Kijana yule alikuwa amebeba swali hilo miaka miwili, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumjibu kwa heshima.

Mwingine aliuliza kama sindano yenyewe huleta mafua. Jibu lilikuwa kwamba chanjo ya sindano waliyokuwa wakiitumia haina virusi hai, kwa hiyo haiwezi kuleta ugonjwa. Maumivu ya bega, uchovu na homa ndogo ya siku moja au mbili ni dalili kwamba mwili unajifunza kujikinga. Kwangu mimi, bega liliuma hadi jioni ya siku ya pili, kisha likaacha.

Swali lililonigusa zaidi lilihusu moyo. Mwenzangu wa kiume alikuwa amesoma kwamba chanjo za UVIKO-19 za teknolojia ya mRNA, yaani zile zinazoupa mwili maelekezo ya kutengeneza kipande cha virusi ili ujifunze kukitambua, husababisha uvimbe katika misuli ya moyo, naye alikuja akitarajia kuambiwa kwamba ni uzushi. Muuguzi alimwambia kwamba jambo hilo ni la kweli na ni la nadra, kwamba limeonekana zaidi kwa vijana wa kiume, hasa baada ya dozi ya pili na ndani ya siku chache, kwamba wengi wao walipona, na kwamba ugonjwa wa UVIKO-19 wenyewe nao huweza kuuumiza moyo. Akamtajia dalili za kumfanya aende hospitali bila kusubiri: maumivu ya kifua, kukosa pumzi, moyo kwenda mbio. Kisha akamweleza kwamba mapendekezo ya chanjo hiyo kwa vijana wenye afya njema hutofautiana kati ya nchi na nchi, akamuuliza juu ya afya yake na ya watu anaoishi nao, na akamwachia uamuzi. Mwenzangu alifikiri usiku ule, akarudi kesho yake na kuchanjwa zote mbili. Ninaamini kabisa kwamba angedanganywa, hata kwa nia njema, asingerudi.

Wapo waliosema kwamba vijana hawafi kwa mafua. Yule mama aliwakumbusha mlipuko wa mwaka 1918, ulioua watu wengi sana wenye umri wa miaka 20 hadi 40, halafu akasema jambo la karibu zaidi: kwamba wengi wetu tukiugua tutapona, lakini tutakwenda nyumbani likizo na kumpelekea ugonjwa bibi, au mtoto mchanga ambaye bado hajakamilisha chanjo zake za kifaduro.

Sasa nieleze upungufu. Huduma ilifunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri, yaani saa zile zile ambazo wanafunzi wa maabara na wa mafunzo ya vitendo hawawezi kutoka. Wenzangu watatu kati ya wanane niliotaka kuwapeleka walikosa kwa sababu hiyo tu. Pia ililetwa siku kumi kabla ya mitihani, ilhali mwili huhitaji kama wiki mbili baada ya chanjo ya homa ya mafua ili kujenga kinga ya kutosha. Ingefaa ije katika wiki za kwanza za muhula, pindi tu tunapowasili kutoka kila upande na kuanza kuchangia vyumba.

Viti vya kusubiria vilikuwa sita. Tuliambiwa tukae dakika 15 baada ya kuchanjwa, agizo lenye maana kubwa kwa umri wetu, kwa kuwa vijana ndio huzimia zaidi baada ya sindano. Lakini siku ya pili msichana wa mwaka wa kwanza alikosa pa kukaa, akasimama kando ya mlango, na ghafla magoti yakamlegea. Alidakwa kabla kichwa hakijagonga sakafu, akalazwa, miguu ikainuliwa, na baada ya muda akaweza kunywa maji. Wahudumu walimshughulikia vizuri. Hata hivyo, benchi mbili zaidi zingezuia tukio lile.

Lalamiko langu zito ni kwamba chanjo ya homa ya uti wa mgongo haikuwepo. Kadi zilikaguliwa na waliopungukiwa wakaandikiwa rufaa ya kwenda kliniki. Bakteria wa ugonjwa huo huambukizwa kwa mate na matone ya pumzi, wanafunzi wapya wanaoishi bwenini wana hatari kubwa kuliko vijana wengine, na ugonjwa ukianza huweza kuua ndani ya saa chache. Mwanafunzi mpya anayepewa karatasi ya rufaa atafanya kama nilivyofanya mimi mwaka jana, atasema wiki ijayo.

Kikosi kimeahidi kurudi muhula ujao. Atakayekwenda ale kwanza, avae shati la mikono mifupi, achukue kadi yake ya zamani au picha yake kwenye simu, na mwenye pumu, kisukari au seli mundu aseme hivyo mapema mezani, kwa kuwa huenda akashauriwa kupata pia chanjo ya nimonia. Mwenzangu wa pumu alichanjwa siku ya tatu. Nilimsubiri dakika zake 15, tukapanda ngazi pamoja hadi chumbani.