Fundi wa kompyuta wa pale soko la Majengo aliyehamisha programu yetu ya DOS kwenda Windows 11

Wahandisi wa maji wa Dodoma hii inawahusu, hasa nyie wenye ile kompyuta kuukuu ya Windows XP kwenye kona ya ofisi ambayo hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Yetu tuliitunza kwa ajili ya LOOP, ile programu ya DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows) ya kukokotoa mtandao wa mabomba, mzee wetu hesabu zote za miradi ya Bahi na Chamwino kazifanyia humo. Sasa Windows 11 ni ya biti 64 tu, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu ya biti 16 kama hizi za DOS hata uibembeleze vipi, kwa hiyo anayekwambia badilisha kompatibiliti uweke XP anakupotezea muda (duka moja hapa mjini walinifanyia hivyo na hela ya kuangalia wakachukua).

Huyu dogo wa jirani na soko la Majengo hakuhangaika na hayo. Kaweka DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS ndani ya Windows, ambayo wengi wanaitumia kuchezea magemu ya zamani, kaielekeza kwenye folda la miradi, kaweka ikoni, mzee anabonyeza anakutana na skrini yake ileile. DOSBox yenyewe ni bure, unalipia kazi ya fundi tu.

Ila kilichonifanya niandike ni kwamba hakuishia hapo. Aliomba printi za mradi wa zamani, akauendesha upya, tukakaa tunalinganisha presha kila nodi (pale mabomba yanapokutana) na kasi ya maji kila bomba, mstari kwa mstari, mpaka mzee akasema sawa. Mafundi wengi wakiona imefunguka tu wanakwambia tayari bosi, wakati kwenye kazi zetu namba ndiyo kila kitu.

Kasoro zipo. DOSBox ya kawaida haiprinti, inabidi matokeo uyahifadhi kwenye faili uprintie Notepad, na hilo hakutuambia mapema. Programu yetu nyingine yenye kidude cha leseni kinachochomekwa nyuma ya kompyuta ilimshinda, alisema wazi na hakutoza, basi XP bado ipo ila tumeitoa kwenye intaneti maana Microsoft waliacha kuitolea sasisho Aprili 2014.

Halafu ana ushauri mwingi huyo, eti mzee si mhamie EPANET, programu ya Marekani ya kazi hiyohiyo ya mabomba, bure kabisa. Kwa miradi mipya ana pointi. Lakini kuingiza upya miradi yote ya zamani nodi moja moja nani atafanya, mzee alimwangalia tu. Bei mtaelewana, nendeni asubuhi kabla wanachuo hawajamjazia malaptopu.