Ati “ni zile zile”: antibodi ya fosfo-ERK niliyoletewa hapa Mombasa

Naandika na hasira bado iko kifuani kwa hivyo mkiona naruka ruka mnivumilie. Niliagiza antibodi (protini ya kunasa protini nyingine maalum) ya fosfo-ERK, yaani ya kunasa ERK, protini ya kupitisha ishara ndani ya seli, ikiwa imebandikwa fosfeti. Ni monoklono ya sungura, yaani antibodi za aina moja tu, ile ambayo kila mtu wa bloti (kipimo cha kuonyesha protini kama mistari kwenye membreni) aijua, namba ya katalogi nikaiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, na pesa nikalipa zote mbele juu hawa maajenti wetu hawanyanyui hata simu kabla hujalipa. Kisha ikaanza ile ngoja ngoja yao. Mara iko eapoti, mara iko forodhani, mara yule wa kusaini ameenda harusini Lamu.

Siku ilipofika, ililetwa na boda saa saba mchana, jua la Mombasa mwalijua, kiboksi cha povu kimefungwa gundi ya karatasi na ndani pakiti za barafu zimekuwa maji ya uvuguvugu. Nikasema sawa, imelala kwa gliserini, joto la siku moja haiwezi kufa. Nikaitoa nikaigeuza nisome namba ya loti. Stika ya ajenti imebandikwa juu ya lebo ya kampuni. Kwani mwabandika stika juu ya lebo kwa nini? Nikaikwangua na ukucha, pole pole, na chini yake nikaona poliklono, mchanganyiko wa antibodi nyingi, ya kampuni ambayo mie sijawahi kuisikia, imeandikwa p-ERK basi, hata haisemi ni fosfeti ya wapi.

Nikapiga simu. Namwambia kaka, hii siyo niliyoagiza. Akanijibu, “Madamu, ni zile zile tu, zote za sungura.”

Zote za sungura! Yaani ukienda sokoni kununua changu ukapewa dagaa uambiwe zote za baharini.

Kwa wale hawajui kwa nini nimewaka hivi: ERK iko kwa seli wakati wote, haiongezeki sana wala haipungui. Kinachobadilika ni zile fosfeti mbili, moja kwa thireonini ya 202 na nyingine kwa tairosini ya 204, ndizo zinaiwasha. Antibodi ya fosfo kazi yake yote ni kuona hizo tu, isipoona hizo fosfeti basi umenunua maji ya bei ghali. Mie naangalia kama majani ya mwarobaini yanazima hiyo njia ya ishara ya ERK kwa seli za HeLa (seli za saratani za kukuzwa maabara), sasa nitajuaje imezimwa kama antibodi haitofautishi iliyowaka na iliyolala? Krebs na Fischer wamepewa Nobel 1992 kwa habari ya fosfeti hizi kubandikwa na kubanduliwa, halafu mtu aniambia zote za sungura.

Hata hivyo nikaijaribu, roho ya kutaka kuamini bado ilikuwepo. Seli nikazinyima serumu, chakula chao, usiku kucha ili ERK ilale, nikazipa EGF (kichocheo cha ukuaji, ndicho cha kuiwasha) dakika chache, nikazivunja juu ya barafu, na sampuli moja nikaitia lamda fosfatesi ya kung'oa fosfeti zote (hiyo sikuitia vanadeti, maana ukitia vanadeti fosfatesi nayo inalala). Picha ilipotoka, jamani. Mistari kutoka juu hadi chini kama ngazi, na pale kwa 44 na 42 (kilodaltoni, uzito wa ERK zenyewe mbili), sampuli iliyong'olewa fosfeti inang'aa sawasawa na ile ya EGF! Nikaosha tena na TBST, maji ya chumvi na sabuni ya kuoshea membreni, nikapunguza antibodi, wapi.

Simu ya pili ndo iliyonimaliza. Yeye sasa kageuka mwalimu: “Labda mwatumia maziwa kuzibia membreni, hapo ndo mwakosea huko kwenu.” Ni kweli maziwa yana kaseini na kaseini yenyewe ina fosfeti, hilo nalijua tangu sijui lini, ndo maana situmii. Nikamwambia natumia BSA (protini ya damu ya ng'ombe).

“BSA ndo nini?”

Mtu anauza antibodi. Akacheka, nasikia kabisa na mwenzake wa ofisini anacheka, nikakata simu.

Lakini nisimwonee, kuna kitu kimoja. Kwa kile kiboksi kulikuwa na antibodi ya pili, ile ya kushika antibodi ya sungura, yenye HRP (kimeng'enya cha kufanya mstari uonekane), imepigwa jua lile lile. Mwenzangu wa maabara akanigawia tone la monoklono yake ya zamani, yenyewe ile niliyotaka, nikaitumia na hii ya pili. Mistari miwili tu, imekata, myeusi kwa EGF, hafifu kwa seli zilizonyimwa serumu, na kwa lamda hakuna kitu, peupe kabisa. Nilipiga kelele mpaka askari wa getini akaja kuchungulia. Kwa hivyo antibodi ya pili, nyota tano, wallahi, nunueni. Na monoklono yenyewe ni kitu safi, ukiipata. Siku hiyo nilikuwa nishaanza kumsamehe, nikasema pengine kijana ni mgeni kazini, na mwingine wa kutuletea vitu huku pwani nitamtoa wapi, nikafikiria kumpa hata nyota tatu.

Kisha nikakumbuka ile stika. Stika haijibandiki. Mtu alikaa akaipima, akaikata ienee sawa juu ya lebo. Nyota moja, na hiyo moja ni ya boda.

Na hapa naandika ujumbe wake umeingia: ataleta ile ya sawa, hii mbovu niirudishe, ila nauli ya boda nilipie mie, kwenda na kurudi. Nimempigia sasa hivi, hashiki.