Kuvunja chokaa ya mishipa ya moyo kabla ya stenti: tathmini ya huduma tuliyopata

Baba yangu ana miaka 71 na kisukari cha muda mrefu. Tulimtoa nyumbani Ngamiani, Tanga, tukampeleka kwenye hospitali moja jijini Dar es Salaam kuwekewa stenti, yaani kibomba kidogo cha wavu kinachouacha mshipa wa moyo wazi, na naandika tathmini hii kwa ajili ya familia zinazojiandaa kwa safari kama hiyo.

Siku ya kwanza stenti haikuwekwa. Daktari alitoka akatuonesha picha: puto la kawaida la kutanulia mshipa lilikuwa limejaa huku na huku, lakini katikati limebanwa kama gunia lililofungwa kamba kiunoni, kwa sababu chokaa, yaani kalsiamu iliyojikusanya ikawa ngumu, ilikuwa imeuzunguka ukuta wa mshipa kama pete. Hapo ndipo ninapompa sifa kubwa kuliko zote, kwamba hakulazimisha. Stenti ikiachwa mahali ambapo puto limegoma kufunguka, nayo haitanuki sawasawa, damu huweza kuganda ndani yake au mshipa ukaziba upya, na kuirekebisha baadaye ni kazi ngumu kuliko kuutayarisha mshipa mapema.

Siku mbili baadaye alipima kwa ultrasaundi ya ndani ya mshipa ni kwa kiasi gani chokaa imeuzunguka, kisha akatumia puto linalotoa mawimbi ya mshtuko, njia iliyotokana na ile ya kuvunjia mawe ya figo. Puto hujazwa kwa shinikizo dogo, atmosfia 4 tu, na mapigo hutolewa kwa mafungu ya 10 hadi chokaa ipate nyufa. Alitueleza kuwa kama puto lisingepita, angetanguliza kichwa kidogo chenye punje za almasi, kinachozunguka zaidi ya mara 140,000 kwa dakika. Halikuhitajika hilo. Katika picha ya pili kile kiuno kilikuwa kimetoweka, na stenti ikakaa wazi mwanzo hadi mwisho.

Lililotuumiza ni gharama. Puto hilo hutumika mara moja na lina bei yake mbali na stenti, nasi tuliambiwa asubuhi ileile, ndugu wa Tanga na Muheza wakahangaika kututumia pesa kwa simu. Kwa mzee mwenye kisukari chokaa ni jambo la kutarajiwa, na mara nyingi huonekana tangu picha za mwanzo. Tulistahili kuambiwa mapema.

Sasa baba anakwenda sokoni kwa miguu bila kushika kifua, na dawa zake mbili za kuzuia damu isigande anazimeza kila asubuhi mbele ya mama.